Kina Esposito wa Durban

Juzi nilikuwa napita mbele ya kibanda cha fundi viatu, nina haraka zangu, harufu ya gundi ikanikamata puani na haraka ikaishia hapo hapo. Mnaijua harufu ile: kali, tamu kidogo, inayopanda mpaka nyuma ya macho. Wengine inawakumbusha viatu vya shule. Mimi ilinirudisha moja kwa moja Morningside, Durban, kwenye duka dogo lenye kengele mlangoni, na kwenye mwaka ule niliokuwa na hakika kabisa kwamba baba yangu ni mwizi wa jina.

Nianze na jina lenyewe, maana bila hilo hamtanielewa. Kwetu Burundi mtoto harithi jina la baba yake. Kila anayezaliwa hupewa jina lake mwenyewe la Kirundi, kufuatana na hali ya nyumba siku hiyo, shukrani za wazazi au hata midomo ya majirani, kisha kanisani anaongezewa la ubatizo. Nyumba ya watu watano ina majina matano, na hakuna anayeuliza kama hao ni ndugu. Sasa sisi wa Durban tulikuwa watano na wote tukiitwa Esposito. Papa Esposito, Mama Esposito, mimi, na wadogo zangu wawili ambao hawakujua hata kufuta kamasi, lakini karatasi zao zilisema Esposito kwa herufi kubwa.

Sikuona ajabu. Mtoto haulizi kwa nini ana pua. Aliyenifumbua macho ni mwalimu wetu, Miss Pillay, siku ya kwanza aliposoma orodha ya darasa. Alisoma jina langu, akaniangalia, akaliangalia daftari, akaniangalia tena. Akasema, kwa upole tu, kwamba hilo ni jina la Kiitaliano. Basi, mimi nikaondoka pale Mwitaliano kamili.

Na nilikuwa Mwitaliano kwa bidii. Kombe la Dunia lilipokuja Afrika Kusini, mji mzima ulivuma kwa vuvuzela na watoto wote wa ghorofa letu walijipaka rangi za Bafana, timu ya taifa ya pale. Mimi nilijipaka kijani, nyeupe na nyekundu kwa chaki za shule zilizolowekwa maji. Italia ilipotolewa mapema, nililia mpaka nikakataa chakula.

“We mtoto,” Mama alisema, mikono kiunoni, “unalilia watu hawajue hata kama uko duniani?”

“Ni ndugu zetu!”

Mama alimtazama Papa. Papa alikuwa anatoa miba kwenye samaki wa mdogo wangu, akaendelea kutoa miba. Nikamuuliza waziwazi: “Papa, sisi si ni Waitaliano?”

“Kula,” alisema Papa.

Mngeniona nilivyojivunia jibu hilo. Hakusema hapana, nilijiambia, kwa hiyo ni ndiyo.

Kisha ukaja mwezi wa tisa, na pamoja nao Siku ya Urithi. Miss Pillay alitutangazia kwamba Ijumaa ya wiki ya tatu kila mtoto aje ukumbini na mtu mzima wa familia yake, chakula cha kwao, na habari za jina lake la ukoo: limetoka wapi na limefikaje Durban. Watoto wenye asili ya Kihindi walianza hapo hapo kubishana babu wa nani alishuka meli ya kwanza. Wazulu ndio hawakuwa na wasiwasi hata kidogo, kwa sababu kwao kila ukoo una izithakazelo, yaani sifa za ukoo zinazomwagwa kwa mkupuo, mababu wakiitwa mmoja baada ya mwingine mpaka anayesikiliza anavimba kichwa. Thandeka, rafiki yangu wa dawati moja, alijua za kwao tangu hajaota meno ya mbele. Alizitaja zote bila kuvuta pumzi, kisha akanigeukia.

“Haya, sasa zako.”

“Zangu nini?”

“Sifa za isibongo yako, jina lako la ukoo. Esposito inasifiwaje?”

Nilisema sijui, labda haina. Thandeka alinitazama kwa huruma, kama daktari aliyekwisha ona majibu ya kipimo.

“Eish! Kila isibongo ina sifa. Kama hamna, basi si yenu. Mmeichukua kwa watu.”

Hakusema kwa ubaya. Thandeka hakuwa na ubaya, alikuwa na ukweli tu, na ukweli wa mtoto wa miaka kumi unakata pande zote. Nilirudi nyumbani, nikampima Papa kwa jicho jipya.

Papa alikuwa mlinzi wa magari kule Morningside, kwenye barabara yenye mikahawa mingi. Alivaa kizibao cha kung'aa, akiwaelekeza wenye magari wapaki wapi, kisha akiyalinda mpaka watoke kula. Jumamosi Mama alikuwa saluni anasuka watu, wadogo zangu wakibaki kwa jirani, na mimi nilikwenda na Papa. Tulishuka kwenye teksi, tukatembea upande wa kushoto, na kila mara tukifika mahali fulani Papa alinishika mkono tukavuka kwenda upande wa pili. Hatua ishirini mbele, tunavuka tena kurudi kushoto. Miezi na miezi tulifanya hivyo. Mimi nilidhani kuna mbwa.

Jumamosi ile, kwa kuwa kichwa kilikuwa kimejaa maneno ya Thandeka, niligeuka nikatazama tunakimbia nini. Hapakuwa na mbwa. Palikuwa na duka jembamba lenye viatu dirishani, na juu ya mlango, kwa rangi nyekundu iliyochakaa: ESPOSITO NA MWANA, MAFUNDI VIATU. Nililisoma mara tatu huku nikivutwa mkono.

“Papa, pale wameandika jina letu.”

“Nimeona.”

“Twende tukawasalimie!”

“Hapana. Iko kazi.”

Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi. Hapo kila kitu kikajipanga kichwani mwangu. Jina halina sifa. Papa anamkwepa mwenye jina barabarani. Na jambo la tatu, ambalo nilikuwa nimeliona siku nyingi bila kulitilia maana: kwa Warundi wenzake Papa alijitambulisha kama Ndayizeye, na Esposito alilitaja tu kwenye ofisi za serikali, tena kwa sauti ya chini. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na mimi niliona yetu imefika mwisho, palepale mbele ya duka la viatu.

Msicheke. Nilikuwa najua karatasi ni nini. Karatasi yetu ya ukimbizi ilikaa ndani ya plastiki, ndani ya kitenge, ndani ya sanduku la Mama, na kila ilipokaribia kwisha muda wake wazazi waliongea kwa kunong'ona siku tatu. Nilikwisha ona pia majirani wakifunga mizigo kwa sababu ya maneno ya mitaani kuhusu wageni. Kwa hesabu zangu, mzee wa viatu angejua siku moja, angekwenda ofisini kudai jina lake, karatasi ingechanwa, na sisi watano tungebaki bila jina wala mahali pa kukaa. Wiki nzima sikulala vizuri. Nilimhurumia Papa, nikamkasirikia, nikamhurumia tena.

Mwisho nikaamua kwenda kuliomba jina. Nilipanga maneno kabisa: atuazime mpaka nimalize shule, kisha tutalirudisha katika hali nzuri. Ili nipate sababu ya kuingia dukani, nilichukua kiatu cha Papa cha kanisani, kilichokuwa kimeachama mbele, nikakificha kwenye mfuko wa shule. Jumamosi iliyofuata, Papa alipokuwa anahangaika kuliingiza gari moja kubwa kwenye nafasi ndogo, nilikimbia.

Kengele ililia, na ile harufu ya gundi ikanipokea. Ndani palikuwa na giza kidogo, ngozi zimening'inia, mashine ya kushonea nyeusi, na nyuma ya kaunta kizee kifupi chenye masikio makubwa, miwani imepandishwa kwenye paji la uso. Alipokea kiatu, akakibinya, akakinusa, ndiyo, akakinusa.

“Kingine kiko wapi?”

“Kingine hakijatoboka, Anko.” Durban kila mzee asiye ndugu yako ni Anko.

“Viatu vinashonwa viwili,” alisema kwa ukali. “Nikikaza kimoja, mwenyewe atatembea kama bata.” Kisha akachukua penseli na kikaratasi. “Jina?”

“Esposito.”

“Hilo ni langu, liko pale mlangoni. Nimekuuliza lako.”

“Ndilo hilo,” nilisema, na hapo maneno yangu yote niliyoyapanga yakamwagika bila mpango. “Na Papa pia. Na Mama. Na wadogo zangu, lakini wao hawana kosa, waliandikiwa tu. Tafadhali Anko usiende ofisini. Tutalirudisha. Nikimaliza shule tu, tutalirudisha!”

Mzee aliteremsha miwani machoni. Alinitazama kuanzia soksi mpaka mabutu ya kichwani.

“Baba yako yuko wapi?”

Kidole changu kilinyooka kuelekea dirishani kabla sijakizuia. Mzee akatoka, aproni yake kiunoni, kiatu cha Papa mkononi. Nikabaki nimeshika kaunta, nikijua kwamba nimemuuza baba yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Kisha nikamfuata. Papa alikuwa amekwisha muona anakuja, ameona kiatu, ameniona mimi nyuma yake. Alivua kofia.

“Mzee, samahani,” Papa alianza, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. “Si kuiba. Ni bureau, ofisi ya karatasi. Bureau ndiyo iliandika vile.”

Ndipo nilipoisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza, nimesimama kwenye ukingo wa barabara, magari yakipita. Walipofika Durban, Papa alipanga foleni ya karatasi tangu alfajiri. Karani alipomuuliza majina, Papa aliyataja kama yanavyotajwa kwetu, la Kirundi mbele, la ubatizo nyuma: Ndayizeye Esposito. Karani, aliyezoea kwamba jina la mwisho ndilo la ukoo, aliandika hivyo, kisha akawamwagia wote, mke na watoto, jina la ubatizo la mume. Papa aliliona kosa palepale. Alifungua mdomo, akatazama watu mia nyuma yake, akatazama uso wa karani, akaufunga mdomo. Tangu siku ile alijiona ametia sahihi uongo, na siku alipoliona duka lile alijua uongo umepata mwenyewe.

“Na hilo la ubatizo ulilitoa wapi?” mzee aliuliza.

“Kwa bruda mmoja wa misheni, Mwitaliano. Alikuwa muuguzi. Mama yangu alikaa na uchungu siku mbili, mimi nimekataa kutoka. Huyo bruda akanitoa. Mama akamuuliza, unaitwa nani? Akasema, Esposito. Mama akasema, basi na huyu ni Esposito.” Papa alikunjakunja kofia. “Mpaka leo, mzee, mama yangu anaamini kule mbinguni iko mtakatifu Esposito. Anamuombaka kila siku.”

Mzee alianza kucheka taratibu, mabega kwanza, halafu tumbo, mpaka akashika nguzo ya taa. Sikuelewa kama kicheko kile ni cha heri. Papa pia hakuelewa. Mzee alipopata pumzi aliketi kwenye kigoda cha Papa, akatueleza.

Kule Napoli, zamani, palikuwa na nyumba ya kanisa yenye gurudumu la mbao ukutani. Mama aliyeshindwa kumlea mtoto alimlaza ndani ya gurudumu kwa upande wa barabarani, akalizungusha, mtoto akaingia ndani, masista wakampokea bila kumuona mama. Mtoto huyo hakuwa na baba wa kutajwa wala ukoo. Lakini kitabu kinataka jina, kwa hiyo karani wa masista aliandika Esposito, maana yake aliyewekwa nje. Kesho mwingine, Esposito. Keshokutwa wawili, Esposito na Esposito. Wakakua, wakaoa, wakazaa, wakajaza mji.

“Babu wa babu yangu alikuwa mmoja wao,” alisema mzee. “Ukifuata jina hili mpaka mwanzo, hukuti mfalme, hukuti shamba. Unakuta mtoto na karani. Sisi wote tuliandikiwa. Sasa wewe unaniomba mimi samahani ya nini?”

Papa alisimama vilevile, kofia mkononi. Kisha akacheka kidogo, akajifuta macho kwa upindo wa kizibao, akasema ni vumbi. Mimi nilijisikia mwepesi mpaka nikaona aibu, maana pembeni ya wepesi ule palikuwa na sikitiko dogo: sikuwa Mwitaliano tena. Lakini karatasi yetu ilikuwa salama, na baba yangu hakuwa mwizi, na siku ile hayo mawili yalinitosha.

Nikakumbuka kilichobaki. “Anko, lina sifa gani? Zinatakiwa Ijumaa.”

“Sifa? Halina. Na lete kiatu cha pili.”

Nyumbani Papa alimsimulia Mama yote, mara mbili, na mara ya pili Mama alikuwa ameshika ukuta kwa kicheko. Mama alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, hakosi neno.

“Ukiona vyaelea, vimeundwa,” alisema. “Hata hao wenzako, kuna mtu aliketi akaziunda sifa zao. Na sisi tuunde zetu.”

Jioni nne zilizofuata tuliunda sifa. Papa alitembea jikoni huku na huku na mwiko mkononi, akijigamba kama wanaume wa kwao wanavyojigamba mbele ya ng'ombe, Mama akimsahihisha, mimi nikiandika, wadogo zangu wakipiga kelele “Esposito!” kila baada ya mstari. Sidhani nimewahi kuiona nyumba yetu ina furaha vile.

Ijumaa tulifika ukumbini na sufuria ya maharage, ugali na ndagala, dagaa wa kwetu, waliokaangwa, ambao harufu yao ilitutangulia mlangoni. Papa alivaa viatu vya kanisani, vyote viwili na soli mpya. Thandeka na bibi yake walitangulia. Gogo, kama Wazulu wanavyomwita bibi, alimwaga sifa za ukoo wao mpaka watu wakapiga vigelegele. Kisha Miss Pillay akaita kina Esposito. Tulisimama watano. Nilipanda jukwaani peke yangu, nikafumba macho, nikaachia:

“Esposito! Wa gurudumu la Napoli! Wa mama asiyetajwa, aliyelia upande wa barabara! Esposito, mikono ya bruda iliyomvuta mkaidi! Mtakatifu asiye na sanamu! Uliyeruka bahari bila meli, ukapanga foleni Durban tangu alfajiri! Uliyeandikwa kwa makosa, ukajibu ndiyo!”

Gogo wa Thandeka hakungoja nimalize, alinipigia kigelegele kirefu, ukumbi ukamfuata. Thandeka alinitolea kidole gumba: sharp, yaani safi kabisa. Nilidhani yamekwisha. Lakini Miss Pillay, ambaye alipenda kuelewa mambo mpaka chini, aliuliza kwa sauti, bila nia mbaya: “Kwa hiyo Esposito wenyewe, wenye jina hasa, hawapo hapa Durban?”

Kiti kikakwaruza nyuma kabisa. Mzee wa viatu alikuwa pale, amevaa suti ya kahawia iliyonuka dawa ya nondo ya kabatini, masikio yake yameoshwa yakang'aa. Hatukumwalika. Labda nilimtajia shule yetu siku ile niliyomwaga kila kitu dukani. Alisimama, na watu wote wakageuka kumtazama. Ni jambo moja mtu kucheka nawe barabarani. Ni jingine kuulizwa mbele ya ukumbi mzima kama kitu ni chako.

“Mimi ni Esposito,” alisema.

“Oh!” alisema Miss Pillay. “Na wewe ni nani kwa mtoto huyu?”

Mzee alifikiri. Alinitazama, akawatazama Papa na Mama na wale wadogo zangu wenye kamasi.

“Wengine wana ndugu wa upande wa baba,” alisema, “wengine wa upande wa mama. Mimi ni ndugu yao wa upande wa jina.”

Ukumbi ulipasuka kwa makofi. Mama, ambaye Kiingereza kilimpita kwa mbali, alimvuta Papa mkono.

“Amesema nini?”

Papa alimwinamia. “Amesema yeye ni ndugu yetu.”

“Sasa mbona amesimama?” Mama alisema, tayari anafungua sufuria. “Mwambie aje aketi, ale.”